Unamwambia Ndugu au Unawaambia Watazamaji?

Kipande cha video cha dakika tatu kinatosha. Mhubiri anasema kubatiza watoto wachanga hakumo katika Biblia, na chini yake watu wanaanza kuandika Amina. Anatokea Mlutheri mmoja anauliza: yule askari wa gereza la Filipi katika Matendo 16, aliyebatizwa usiku uleule pamoja na watu wa nyumbani mwake wote, je, nyumba yake haikuwa na mtoto hata mmoja? Swali hilo ni zuri. Miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wawili wa Kijerumani, Joachim Jeremias na Kurt Aland, walijibizana vitabu kwa vitabu juu ya ubatizo wa watoto katika kanisa la kwanza, kila mmoja akimsoma mwenzake mstari kwa mstari. Lakini Mlutheri wetu anajibiwa kwamba watu wa dini hawawezi kuelewa mambo ya rohoni. Naye anarudisha: afadhali dini kuliko kanisa la mabati lililoanzishwa na mtu aliyegombana na mchungaji wake juu ya sadaka. Tangu hapo hakuna anayemkumbuka askari wa Filipi.

Anayefuatilia mijadala ya Wakristo kwa Kiswahili, kuanzia makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya wanafunzi wa vyuo hadi Facebook na YouTube, anazijua mada kwa kichwa: Sabato na Jumapili, Utatu, Bikira Maria, kunena kwa lugha, zaka, mafuta ya upako, Krismasi. Anajua pia kwamba salamu peke yake hutangaza kambi kabla hoja haijaanza: huyu anaingia na "Tumsifu Yesu Kristo", yule "Bwana Yesu asifiwe", mwingine "Sabato njema". Haya si maswali madogo, nami sikubaliani na wanaotaka yasijadiliwe ili amani iwepo. Mtu akiamini kwa dhati kwamba Mungu ameagiza siku fulani itakaswe, kumnyamazisha si kumheshimu. Ninachotaka kuchunguza ni mahali ambapo mjadala huharibika, na naamini panaweza kuonyeshwa kwa kidole. Ni pale maneno yaliyopaswa kumfikia ndugu yanapogeuka kuwa maneno ya kuwafurahisha watazamaji. Intaneti imepapanua mahali hapo, lakini palikuwapo tangu zamani sana.

Karibu na mwaka 395 Mwafrika Augustino, ambaye baadaye kidogo alikuwa askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alisoma ufafanuzi wa Yeronimo juu ya Waraka kwa Wagalatia, akashtuka. Yeronimo aliishi Bethlehemu, na kwa ujuzi wa Kiebrania Wakristo wachache sana wa Magharibi wa wakati ule wangeweza kukaa naye meza moja. Alifundisha kwamba Paulo alipomkemea Petro kule Antiokia, mitume hao walikuwa wanaigiza tu, kwa faida ya waliokuwa wakiwatazama. Augustino aliiona hatari yake: ikiwa mtume anaweza kuandika jambo lisilokuwa kweli hata kwa nia njema, msomaji wa Maandiko atasimama wapi? Akaandika barua. Mchukuzi wa kwanza hakusafiri. Ikafuata barua ya pili, na mchukuzi wake naye hakufika Bethlehemu, ila nakala zake zilisambaa Roma na kwingineko Italia. Watu waliisoma na kuijadili huku mwenyewe aliyeandikiwa hajaitia machoni. Kilichomfikia kwanza Yeronimo ni uvumi kwamba kuna mtu Afrika ameandika kitabu dhidi yake.

Yeyote ambaye ujumbe wake ulipigwa skrinishoti ukatumwa kundi ambalo yeye hayumo anaielewa hasira ya mzee yule. Alimtuhumu Augustino kwamba anatafuta jina kwa kuwashambulia wenye majina. Kilichofuata ndicho cha kuzingatia. Augustino aliomba radhi kwa jinsi barua ilivyotangatanga, akamsihi Yeronimo amkosoe bila kumwonea haya, lakini kuhusu Petro na Paulo hakurudi nyuma hata hatua moja. Waliendelea kuandikiana kwa miaka mingi, juu ya Wagalatia na juu ya tafsiri mpya ya Agano la Kale ya Yeronimo, iliyozusha zogo kanisani katika mji wa Oea, Tripoli ya leo, kwa sababu ya jina la mmea mmoja katika kitabu cha Yona. Mwaka 415 Augustino alipomtuma kijana Orosio kwenda Mashariki, alimwelekeza kwa Yeronimo, na wazee hao wawili wakasimama upande mmoja dhidi ya mafundisho ya Pelagio. Tusidhani ni kwa sababu Yeronimo alikuwa mpole. Alikosana na Rufino, rafiki yake wa ujanani, na hawakupatana tena hadi kifo. Tofauti naiona katika anayeandikiwa. Augustino na Yeronimo walirudi kuandikiana wenyewe. Yeronimo na Rufino waliandika vitabu vya kujitetea, kila mmoja akiwaandikia marafiki na wafadhili wa upande wake.

Kisa cha pili ni cha London. John Wesley na George Whitefield, vichwa viwili vya uamsho wa Kimethodisti, walitofautiana juu ya kuchaguliwa tangu awali: Wesley alihubiri mwaka 1739 kwamba neema ya Mungu iko wazi kwa wote, Whitefield akashikilia kwamba Mungu amewateua watakaookoka. Februari 1741 barua ya faragha ya Whitefield kwa Wesley ilichapishwa bila ruhusa ya yeyote kati yao, na nakala zikagawiwa mlangoni na ndani ya nyumba ya ibada ya Wesley. Baada ya mahubiri Wesley aliwaambia watu jinsi ilivyotokea, akasema atafanya kile anachoamini Whitefield mwenyewe angekifanya kama angekuwapo, akaichana nakala yake mbele yao. Waliokuwa nazo nao wakazichana. Hakuwa anakataa hoja, kwa kuwa hoja aliijibu kwa miaka mingi. Alikataa barua ya ndugu yake kutumiwa kama silaha na mtu wa tatu. Whitefield naye alikuwa na lake: katika jibu lake la hadharani alifichua kwamba Wesley alipiga kura kuamua kama ahubiri mahubiri yale, jambo alilolijua kwa urafiki tu. Baadaye aliomba msamaha kwa hilo.

Hawakukubaliana kamwe juu ya fundisho lenyewe. Whitefield alipofariki Newburyport, Massachusetts, mwaka 1770, aliyehubiri ibada ya kumbukumbu yake jijini London, Novemba 18, alikuwa Wesley. Wafuasi wao, kwa bahati mbaya, hawakuiga mfano huo. Katika miaka iliyofuata walirushiana vijitabu vya matusi juu ya jambo lilelile, na sababu naona ni kwamba wao hawakuwa wamewahi kulala njaa pamoja, kusali pamoja wala kupigwa mawe pamoja kama wazee wao. Walirithi ugomvi bila kurithi urafiki. Hali ya kijana anayeingia leo katika kundi la mjadala wa kidini ndiyo hiyo: anakuta ugomvi wa miaka 500 umeshaiva, na hajawahi kula na hata mmoja wa wale anaotakiwa kuwapinga.

Kisa cha tatu ni chetu, nacho ndicho kinachotufaa zaidi. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, kituo cha misheni ya Kanisa la Scotland karibu na Nairobi. Walikuwapo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Tatizo lao lilikuwa la watu halisi. Mwafrika aliyebatizwa na misheni moja, akihamia kutafuta kazi penye misheni nyingine, alijikuta mgeni mezani pa Bwana kwa sababu ya mafarakano yaliyotokea Ulaya kabla babu yake hajazaliwa. Wakapanga shirikisho la misheni. Siku ya kufunga mkutano walishiriki Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wapresbiteri. Askofu Peel wa Mombasa aliongoza kwa Kitabu cha Sala cha Kianglikana, na Mskoti Norman Maclean akahubiri.

Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaka. Kwake uaskofu haukuwa mpango wa utawala ambao kanisa linaweza kuwa nao au kukosa. Ulikuwa sehemu ya kanisa lenyewe, na kumshirikisha mezani asiye chini ya askofu ni kusema uaskofu si kitu. Hoja hiyo ina uzito, na Wakatoliki na Waorthodoksi wangeitetea hata leo. Lakini Weston aliiandika katika barua ya wazi kwa Askofu wa St Albans, kule Uingereza, na akamtaka Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awafanye Peel na mwenzake Willis wa Uganda wajibu mashtaka ya uzushi na farakano. Magazeti ya London yalijaa barua, The Times likiongoza. Watu ambao hawangeweza kuionyesha Kikuyu kwenye ramani walichagua upande, kila chama ndani ya Kanisa la Uingereza kikaitumia Kikuyu kupigania mambo yake ya nyumbani. Na yule muumini aliyehama misheni, ambaye kwa ajili yake mkutano uliitishwa, hakutajwa tena.

Davidson alikataa kesi ya uzushi, akapeleka maswali kwa kamati ya maaskofu. Jibu lao la tahadhari lilitoka 1915, dunia ikiwa vitani. Kilichobadilisha sura ya mambo ni mkutano wa pili wa Kikuyu, 1918. Safari hii Weston alikwenda mwenyewe, akakaa na watu aliowashtaki, akaeleza masharti ambayo dhamiri yake ingeweza kuyakubali. Juu ya maaskofu hawakuafikiana. Misheni zilizokuwa tayari ziliunda umoja wao mwaka huohuo, na kutokana na umoja huo ikazaliwa Alliance High School, pale Kikuyu, mwaka 1926. Weston, kwa upande wake, aliunga mkono mwaka 1920 Wito kwa Wakristo Wote uliotolewa na maaskofu wa Kianglikana Lambeth. Msimamo wake juu ya uaskofu ulibaki palepale. Ila alikuwa ameshakutana na wenzake ana kwa ana.

Nimekawia kwenye visa hivi kwa sababu vinaonyesha jambo ambalo lawama za kawaida juu ya vijana na simu haziligusi. Katika vyote vitatu mafundisho yaliyobishaniwa yalikuwa mazito, na katika vyote vitatu sumu iliingia kupitia mlango mmoja: barua iliyowafikia watazamaji kabla ya, au badala ya, anayehusika. Sasa tazama tulichokijenga. Mitandao ya leo imefanya kila neno liwe barua ya wazi. Zaidi ya hapo, imelipa faida neno kali. Nyaraka zilizotolewa na mfanyakazi wa zamani wa Facebook, Frances Haugen, mwaka 2021 zilifichua kwamba tangu 2017 mfumo wa kampuni ulihesabu alama ya hasira kuwa na uzito mara tano ya laiki katika kuamua nini kionekane na wengi. Baadaye kampuni yenyewe iliipunguza hadi sifuri. Kwa miaka kadhaa, basi, aliyeandika kwamba Papa ndiye mpinga Kristo, au kwamba walokole ni wagonjwa wa akili, alisukumwa mbele, na aliyeuliza swali la Filipi alizama. Mtu anaweza kuamini kwamba ni Roho anayefungua milango ya huduma yake mtandaoni, kumbe ni hesabu ya hasira.

WhatsApp ni tofauti kidogo. Haina mfumo wa kuchagua kilicho kikali, lakini ina urahisi wa kusambaza, hata ikabidi mwaka 2019 kampuni iweke kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja. Sauti iliyorekodiwa kwa ajili ya watu wa ibada ya Jumatano inawafikia watu wasiojua ilisemwa kwa nani, baada ya tukio gani, ikijibu nini.

Jambo la kushangaza ni kwamba nje ya simu Wakristo wetu wanalijua hili vizuri. Karibu kila ukoo una Mkatoliki, Mlutheri au Mwanglikana, Msabato na mlokole. Msibani padre anapewa nafasi, mchungaji anaomba, kwaya ya Wasabato inaimba, na shangazi ambaye haamini ubatizo wa wachanga anakaa jikoni na aliyembatiza mwanawe akiwa na miezi miwili. Vikao vya harusi vya ndoa za madhehebu mawili vinajadili mambo magumu sana, ndoa itafungwa wapi, watoto watalelewa katika imani ipi, na vinafika mahali. Katika ngazi ya viongozi, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania wana Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii tangu 1992, inayoziunganisha shule na hospitali zao. Heshima, basi, si mali ya kuagiza kutoka nje. Mpwa yuleyule anayemtumikia mjomba wake Mkatoliki msibani ndiye anayeandika usiku kwamba Wakatoliki ni waabudu sanamu, kwa kuwa usiku huo Wakatoliki hawana uso.

Ninaposema heshima sizungumzii sauti laini. Mtu anaweza kuandika "mpendwa mtumishi wa Mungu" kisha akamsingizia mwenzake kwa ulaini kabisa. Heshima ya kwanza katika mjadala wa imani ni kusema ukweli juu ya kile anachoamini mwingine. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuweka kando mambo ya theolojia. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya 1529, aliifafanua amri hiyo kuwa ni pamoja na kumtetea jirani na kuyachukua matendo yake kwa maana iliyo njema. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, akiwa upande wa pili wa mfarakano uleule, aliweka mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho agizo linalofanana na hilo: Mkristo awe mwepesi kuipa kauli ya mwenzake maana nzuri kuliko kuihukumu, na kama hawezi, amuulize ana maana gani. Luther huyohuyo alikutana na mwanamatengenezo mwenzake Zwingli mjini Marburg Oktoba mwaka uleule wa katekisimu. Walikubaliana hoja 14 kati ya 15, wakaachana kwa uchungu juu ya Meza ya Bwana. Kuandika amri na kuitii vimekuwa vitu viwili tangu zamani.

Hebu tuone jinsi ushahidi wa uongo unavyotembea bila mtu kukusudia uongo. Inasemwa kwamba Wakatoliki wanamwabudu Maria. Kanisa lao lilitenganisha rasmi ibada anayostahili Mungu peke yake na heshima wanayopewa watakatifu, katika Mtaguso wa pili wa Nikea mwaka 787. Mprotestanti ana haki kamili ya kusema kwamba katika maisha ya waumini mpaka huo hufutika, na hapo atakuwa na hoja ya kujibiwa. Akisema tu kwamba wanamwabudu, amejijibu mwenyewe. Inasemwa kwamba Wasabato wanafundisha wokovu kwa kushika siku. Mafundisho yao rasmi yanasema wokovu ni kwa neema kwa njia ya imani, na utii ni tunda lake. Inasemwa kwamba Wapentekoste wanamhesabu asiyenena kwa lugha kuwa hajaokoka. Makanisa kama Assemblies of God yanafundisha kwamba kunena ni ishara ya ubatizo wa Roho, jambo wanalolitofautisha na wokovu.

Na kuna upotoshaji wa aina nyingine ambao haujadiliwi vya kutosha: mtu anayepotosha mafundisho ya kanisa lake mwenyewe ili apige kwa nguvu. Msabato anayemwambia jirani kwamba kwa kusali Jumapili tayari ana alama ya mnyama anakwenda mbali kuliko Ellen White, aliyeandika kwamba alama hiyo bado haijapokelewa na mtu. Mkatoliki anayemwambia Mlutheri kwamba ubatizo wake ni kuoga tu anapingana na kanisa lake, ambalo linautambua ubatizo huo na halimbatizi upya Mlutheri anayehamia kwao. Tena mtaguso wa Vatikano mwaka 1964 uliagiza kuachwa kwa maneno yasiyowaeleza kwa haki ndugu waliotengana. Katika mambo kama haya anayeweza kuleta heshima haraka zaidi ni mtu wa kambi ileile. Msabato akikosolewa na Mkatoliki atajitetea. Akikosolewa na mzee wake wa kanisa mbele ya kundi zima, atasikiliza.

Kazi ya kuelezana kwa ukweli huzaa matunda, ingawa polepole. Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, suala lile lile lililowatenganisha. Hawakusema kwamba mababu zao walibishania bure. Walisema kwamba fundisho la kila upande, kama linavyoelezwa sasa na wenyewe, haliangukii chini ya laana ambazo pande hizo zilitoleana karne ya 16. Wamethodisti walijiunga nalo 2006. Ilichukua miongo ya watu kukaa chumba kimoja na kuulizana, "Mnapotumia neno hili mna maana gani?"

Waswahili tulikuwa na shule yetu ya jambo hili katika malumbano ya mashairi. Anayejibu shairi alitakiwa kuifuata bahari ya mwenzake na mara nyingi vina vyake, kwa hiyo hakuweza kujibu bila kulisoma neno kwa neno. Vijembe vilikuwamo, na vikali, lakini hata mkali alilazimika kwanza kuwa msikilizaji. Anayeandika "leta andiko" halafu halisomi andiko lililoletwa angefukuzwa katika malumbano hayo.

Wapo watakaouliza: Yesu hakuwaita Mafarisayo nyoka? Paulo hakuwaandikia Wagalatia maneno yanayochoma? Swali hili linahitaji jibu la kweli, kwa kuwa wengi wanaotukana mtandaoni wanaamini wanafuata mfano huo. Yesu aliwaambia Mafarisayo mbele yao, alikula nyumbani kwao zaidi ya mara moja kwa mujibu wa Luka, alimpokea Nikodemo usiku, na sura ileile ya 23 ya Mathayo yenye maneno makali inaishia kwa maombolezo juu ya Yerusalemu. Paulo alimkemea Petro hadharani kwa sababu Petro alikosea hadharani, alikuwapo kusikia, na kosa lake liliwaumiza watu wa mataifa walioachwa mezani peke yao. Apolo, ambaye alifundisha kwa moyo huku akiwa hajui yote, Priscila na Akila walimchukua pembeni wakamweleza. Ukali na upole vyote vimo, na kinachoamua ni nani anaumia na mkosaji ni wa aina gani.

Ndiyo maana siungi mkono viongozi wanaotumia Mathayo 18 kama ngao: umewakosoa mtandaoni, wanakuuliza mbona hukuja kwanza ofisini. Mlango ule unahusu ndugu aliyekukosea wewe. Fundisho lililotangazwa kwa maelfu linaweza kujibiwa mbele ya maelfu, na mara nyingine ni lazima. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kufundishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mahubiri ya kanisa hilo yalikuwa yamepatikana kwenye televisheni na YouTube kwa muda mrefu. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukanyaga mafuta ya upako. Mbele ya mambo kama haya, anayenyamaza ili aonekane mstaarabu amewaacha wanyonge. Weston yuleyule wa Zanzibar alikuwa sahihi kabisa kuwa mkali mwaka 1920, alipoandika dhidi ya kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi kwa walowezi wa Kenya, wakati maaskofu wenzake, Willis akiwamo, walitafuta namna ya kuliwekea masharti agizo hilo la kazi la Gavana Northey badala ya kulikataa. Ukali wake hapo uliwasemea wasioweza kuandika kwenye The Times.

Lakini hata ukali huo una kanuni zake. Anayeonya juu ya fundisho la hatari ataje fundisho lenyewe, lilisemwa lini na wapi, aweke kipande kizima badala ya sekunde kumi zilizokatwa, aonyeshe madhara yake, kisha aache kabila la mhubiri, mavazi ya mkewe na Kiingereza chake kibovu. Na asiliweke kila jambo katika fungu la Shakahola. Warumi 14 inajua kwamba kuna mambo ya kula na ya siku ambayo Wakristo watatofautiana na bado Bwana atawasimamisha wote. Anayetumia neno "uzushi" kwa hereni na suruali atakosa neno siku uzushi utakapokuja.

Wanaoumia zaidi hawaandiki. Katika kundi la watu 200, wanaobishana ni wachache, na wengine wanasoma kimya: msichana aliyeolewa katika dhehebu lingine na anajiuliza kama Mungu bado anamsikia, mgonjwa aliyeambiwa hana imani, kijana aliyekuwa anaanza kuamini. Admini anayefikiri kazi yake ni kuongeza na kuondoa namba tu amewasahau hao. Katika kikao chochote cha ukoo mwenyekiti humwambia msemaji arudi kwenye hoja, na humnyima nafasi anayemtukana mzee. Admini ana mamlaka hayohayo, na wachache wanayatumia.

Lipo jambo moja ambalo makanisa yetu yangeweza kulifanya bila fedha nyingi. Jumuiya ya Kikristo, Baraza la Maaskofu Katoliki, umoja wa makanisa ya Kipentekoste na Waadventista, na wenzao wa Kenya, wangeweza kuchagua mambo kumi yanayogombaniwa zaidi kwa Kiswahili, kisha kila kanisa likaandika lenyewe, ukurasa mmoja kwa kila jambo, linaamini nini na kwa maandiko gani. Wengine wangepewa haki moja tu kabla ya kuchapishwa: kuuliza maswali hadi waridhike kwamba wameelewa, wakubali wasikubali. Kurasa hizo zisomwe kwa sauti pia, maana wengi husikiliza zaidi kuliko wanavyosoma, na zitumwe katika makundi yaleyale ambako ugomvi unaishi, ili mtu akiandika kwamba fulani wanaamini hivi, mwenzake amtumie ukurasa ulioandikwa na hao fulani wenyewe.